Nauza Vunjajungu Mtandaoni: Mambo 4 Yatakayokusaidia Hata Kama Wewe Unauza Viatu

Ndiyo, umesoma vizuri. Vunjajungu, yule mdudu tuliyeambiwa utotoni kwamba ukimgusa utavunja chungu. Naishi Ujerumani, nawafuga kama hobi, na wanaozidi nawauza mtandaoni. Huku wapo watu wanaopenda sana spishi adimu, na mmoja wa wanaotafutwa mno ni wa kwetu Afrika Mashariki: Idolomantis diabolica, mkubwa, mwenye rangi kama ua.

Bidhaa yangu ina roho. Ikifa njiani, pesa imekwenda na mteja kaondoka. Kwa hiyo nafuata haya:

1. TAJA BIDHAA IKO HATUA GANI
Vunjajungu hujivua gamba mara kadhaa kabla ya kuota mabawa. Sisi wafugaji tunaandika L1 kwa aliyetoka tu kwenye yai, L2 akishajivua mara moja, na kuendelea. L1 bei yake iko chini kwa sababu wengi hufa wakiwa wadogo. Jike aliyekaribia kukomaa ana bei. Jinsia tunaijua kwa kuhesabu pingili za tumboni: jike 6, dume 8. Mteja kalipia jike, apate jike. Wewe wa mitumba, andika saizi, doa na zipu ilivyo. Maswali ya inboksi yatapungua.

2. PANGA MUDA WA STOKU
Kuna vunjajungu wa okidi, Hymenopus coronatus, wa Asia ya Kusini-Mashariki. Dume ni mdogo sana kuliko jike na hukomaa mapema mno. Ukiwalea sawasawa, jike anapokuwa tayari dume keshakufa. Mfugaji makini humweka dume penye ubaridi kidogo na kumpunguzia chakula, huku jike akilishwa vizuri kwenye joto. Na siku ya kuwakutanisha, jike ashibe kwanza, la sivyo atamla bwana harusi! Somo: sare za shule zisifike shule zikishafunguliwa. Hesabu siku kurudi nyuma kuanzia siku mteja anapohitaji.

3. MZIGO USILALE NJIANI
Natuma Jumatatu au Jumanne, ili wikiendi isiukute mzigo ghalani. Kila mdudu na kikopo chake, ndani kuna tishu ya kushikilia, na nje boksi la foronya ngumu nyeupe ile ya kuwekea samaki. Baridi ikizidi nasubiri, hata mteja akinung'unika. Anayekaribia kujivua gamba simtumi kabisa, maana hujivua akiwa ananing'inia kichwa chini, akitikiswa anaharibika. Mwambie mteja ukweli kabla hajalipa, siyo baada.

4. JUA BIDHAA IMETOKA WAPI
Hili ndilo zito. Wangu wote wamezaliwa kwa wafugaji, hakuna aliyekamatwa porini. Wewe uliye nyumbani, mtu wa Ulaya anaweza kukuandikia: "Nikusanyie vifuko vya mayai, nitalipa vizuri." Ndugu yangu, usiingie kichwa kichwa. Mei 2025, mahakama nchini Kenya iliwahukumu watu 4 faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi tu. Wawili kati yao walikutwa na sisimizi kama 5,000 kwenye mirija yenye pamba. Mmoja wa hao wanne alikuwa Mkenya. Mnunuzi yuko mbali; anayekamatwa na mzigo ni wewe. Kabla ya kugusa kiumbe cha porini kwa biashara, uliza kibali: Kenya kwa KWS, Tanzania kwa Wizara ya Maliasili na Utalii.

Je, unauza kitu kinachoharibika haraka, kama keki, samaki au maua? Andika kwenye komenti unavyokisafirisha, wenzako wajifunze. Na kama kuna rafiki yako kaletewa oda ya wadudu inboksi, mtumie hii leo, kabla hajakamata hata mmoja.