Programu Hufundishwa kwa Mikono

Kwenye karatasi, mwanafunzi wa Kenya hakosi nafasi ya kujifunza kompyuta. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi katika shule za msingi za umma. Mtaala wa Umilisi (CBC), ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, unataja ujuzi wa dijitali miongoni mwa umilisi wake saba wa kimsingi. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala (KICD) iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kwa shule za msingi na za sekondari.

Hata hivyo, vishikwambi vingi viliishia kufungiwa kabatini, na silabasi peke yake haimfundishi mtu. Mwanafunzi wa Njoro, Rongai au Subukia, katika Kaunti ya Nakuru, atafika kwenye programu yake ya kwanza akipata saa chache za kukaa mbele ya mashine na kuitumikisha mwenyewe. Ndiyo kazi ya warsha za likizo na za Jumamosi, na ndiyo kazi ambayo nyingi hushindwa kuifanya. Mkufunzi husimama mbele na projekta, akaeleza historia ya kompyuta, akataja sehemu zake, kisha akaandika programu yake mwenyewe huku wanafunzi wakinakili daftarini. Jioni vyeti hutolewa, na hakuna mtoto aliyeiamuru mashine ifanye lolote.

Tuangalie somo ambalo kila boma la wafugaji katika Bonde la Ufa linalielewa: malipo ya maziwa. Mwanafunzi anaombwa aandike programu kwa lugha ya Python, iulize lita zilizopelekwa, izizidishe kwa bei, kisha itoe malipo. Tuseme bei ni shilingi 50 kwa lita. Mistari mitatu inatosha: wa kwanza unauliza lita kwa amri ya input, wa pili unazidisha kwa 50, wa tatu unaonyesha jibu kwa amri ya print. Anaiendesha, anaingiza 12, anangoja kuona 600. Skrini inamletea 12121212 na kuendelea vivyo hivyo hadi tarakimu 100 zitimie.

Mkufunzi aliyezoea hotuba atarukia kibodi na kusahihisha. Aliyebobea ataizuia mikono yake na kuuliza: ukiingiza jina lako badala ya namba, itakuwaje? Mtoto anaingiza jina lake, na jina linajirudia mara 50. Hapo anaanza kuelewa. Amri ya input hupokea kila kinachochapwa kama maandishi, hata kikiwa tarakimu, na katika Python kuzidisha maandishi kwa 50 ni kuyarudia mara 50. Anaongeza amri ya int ili maandishi yageuzwe kuwa namba nzima, na 600 inatokea.

Halafu mwenzake anakumbuka kwamba maziwa hayapimwi kwa lita nzima tu. Anaingiza 12.5, na programu inasimama na kutoa ujumbe mrefu wa kosa. Wanafunzi wengi huogopa ujumbe huo na kuufuta bila kuusoma, ilhali ndio msaada wao mkubwa. Wafundishwe kuanza na mstari wa mwisho, unaotaja aina ya kosa na thamani iliyolisababisha, kisha wapande juu kutafuta namba ya mstari wenye tatizo. Watagundua kuwa int haikubali maandishi yenye nukta ya desimali. Wakiweka float mahali pake, jibu linakuwa 625.0. Kwa mistari mitatu tu, wameshajua aina za data, wamejaribu programu kwa thamani tofauti, na wamesaka kosa hadi wakalipata. Mambo hayo wangeyasikia kwenye hotuba na kuyasahau kesho yake.

Seymour Papert, mwanahisabati aliyezaliwa Afrika Kusini mwaka 1928, alilitetea jambo hili maisha yake yote. Mwaka 1967 yeye na wenzake waliunda Logo, lugha ya programu kwa ajili ya watoto. Alishikilia kuwa mtoto ndiye anayepaswa kuiamuru kompyuta, na kwamba kosa analolirekebisha mwenyewe ndilo somo lenyewe. Fikra hizo zilizaa Scratch, iliyotolewa mwaka 2007 na MIT Media Lab nchini Marekani, ambapo mtoto huunganisha vipande vya rangi badala ya kuchapa amri. Scratch hutolewa bure, inaweza kusakinishwa ikatumika bila intaneti, na ina Kiswahili miongoni mwa lugha zake. Kwa wanafunzi wa Gredi ya 4 hadi ya 6, hapo ndipo pa kuanzia.

Uchache wa mashine nao si sababu ya kuahirisha. Wanafunzi wawili kwa kompyuta moja ni mpango mzuri, na hata waandishi wa programu wa kulipwa hufanya kazi hivyo: mmoja anachapa, mwenzake anasoma kila mstari na kuhoji. Lakini zamu zisimamiwe kwa saa, wabadilishane kila baada ya dakika 15. Zisiposimamiwa, aliyezoea kompyuta nyumbani atakalia kibodi siku nzima, na mwenzake, mara nyingi msichana au mtoto wa shule ya mashambani, atabaki mtazamaji.

Stima ikipotea, somo liendelee. Mwambie mwanafunzi mmoja achague namba kati ya 1 na 100 kimoyomoyo, wenzake wakisie, naye ajibu tu kama namba yake ni kubwa zaidi au ndogo zaidi. Wanaokisia ovyo huchoka. Wanaogawa nusu kwa nusu kila mara, 50, kisha 25 au 75, huipata kwa majaribio yasiyozidi saba. Huo ndio utafutaji wa nusu kwa nusu, mbinu ambayo kompyuta hutumia katika orodha iliyopangwa. Stima ikirudi, waiandike kama programu.

Warsha moja, hata ikiwa nzuri namna gani, hufifia isipofuatwa na klabu ya kila wiki shuleni. Nakuru haina uhaba wa watu wa kuongoza klabu kama hizo. Chuo Kikuu cha Egerton kiko Njoro, Chuo Kikuu cha Kabarak kiko upande wa Rongai, na Politekniki ya Kitaifa ya Bonde la Ufa, iliyoitwa awali Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Bonde la Ufa, iko mjini Nakuru. Mwanachuo wa kompyuta akitoa saa mbili kwa wiki katika shule iliyo jirani, klabu itadumu. Walimu wakuu wawaalike, na wafungue makabati yenye vishikwambi.

Nawe mzazi, mtoto akirudi kutoka kwenye warsha, usimwulize kuhusu cheti. Mwambie akuonyeshe programu aliyoiandika kwa mikono yake, akueleze ilikataa wapi na aliirekebishaje. Akikosa cha kukuonyesha, warsha hiyo haikumfundisha, na una haki ya kuwaambia waliomfundisha.