Je, anayemtunza mzazi wako nyumbani anafanya kazi ipasavyo?

JE, unajua kinachoendelea nyumbani kwako baada ya kufunga mlango saa kumi na mbili asubuhi na kukimbilia matatu? Ikiwa umemwacha mama aliyepooza upande mmoja, au baba ambaye siku hizi husahau hata jina lako, mikononi mwa mhudumu uliyeletewa na kampuni, huenda ukawa unajua vizuri zaidi kiasi cha pesa unacholipa kila mwezi kuliko jinsi mzazi wako anavyotunzwa.

Zamani kazi hii ilifanywa na mabinti, wake wa wana na jamaa wengine walioishi boma moja na mgonjwa. Katika miji kama Nairobi, Mombasa na Kisumu, mara nyingi watoto wote wako kazini, nazo hospitali haziwezi kumlaza mtu kwa miezi mingi kwa sababu tu hawezi kujiinua kitandani. Ndiyo maana familia nyingi hutafuta kampuni zinazopeleka wahudumu nyumbani. Baadhi ya kampuni hizo hufanya kazi nzuri sana. Nyingine humvisha sare mtu asiye na mafunzo ya kutosha na kumtuma kwako.

Utazitofautisha vipi? Mnamo 1966 Dkt Avedis Donabedian, aliyekuwa akifundisha katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliandika kwamba ubora wa huduma ya afya unaweza kupimwa kwa kutazama mambo matatu: watu na vifaa vilivyopo, jinsi kazi inavyofanywa, na matokeo yake kwa mgonjwa. Kasoro ya familia nyingi ni kwamba huishia kwenye jambo la kwanza. Huona sare safi, vyeti na adabu ya mhudumu, zikaridhika. Lakini uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti.

Anza na karatasi

Hata hivyo, karatasi ni muhimu. Kwanza fahamu ni nani hasa unayeletewa. Muuguzi ni mtu aliyesomea kazi hiyo, akasajiliwa na Baraza la Wauguzi la Kenya na kupewa leseni. Mwambie akupe nambari yake ya usajili kisha uulize katika Baraza kama leseni hiyo ingali halali. Msaidizi wa mgonjwa si muuguzi. Anaweza kuosha, kulisha, kugeuza na kutembeza mgonjwa. Kudunga sindano, kuweka mpira wa mkojo au kusafisha kidonda kirefu si kazi ya kuachiwa yeye.

Dai pia cheti cha tabia njema kinachotolewa na polisi. Kisha iulize kampuni maswali haya matatu: Ni muuguzi yupi atakayekuja kukagua kazi ya mhudumu, na atakuja mara ngapi? Mhudumu asipofika kesho asubuhi, atakuja nani? Mgonjwa akizidiwa usiku, tumpigie nani simu? Kampuni isiyoweza kukujibu papo hapo haitaweza kukusaidia siku ya taabu.

Tazama kazi inavyofanywa

Kaa nyumbani siku mbili au tatu za mwanzo. Baadaye, uwe ukirudi siku moja moja saa za mchana bila kutoa habari.

Mtazame mhudumu anapomwinua mgonjwa aliyepooza. Akimvuta kwa mkono ule uliolegea, jua hakufunzwa, kwa maana bega la upande huo huteguka kwa urahisi. Mtazame anapomlisha. Mgonjwa anapaswa kukaa wima, alishwe kidogo kidogo kwa upande wa mdomo wenye nguvu, na asilazwe mara tu anapomaliza kula. Abaki ameketi kwa takriban nusu saa. Uji unaopotea njia na kuingia mapafuni huweza kuleta nimonia, na nimonia huua.

Je, hunawa mikono kwa sabuni kabla ya kumshika mgonjwa na baada ya kumbadilisha nepi? Ikiwa kuna mpira wa mkojo, je, mfuko wake umening'inizwa chini ya kiwango cha kibofu bila kugusa sakafu?

Chunguza dawa pia. Hapa huhitaji elimu ya udaktari. Unahitaji kujua kuhesabu tu. Mgonjwa akianza na tembe 30 za presha na kumeza moja kila siku, baada ya siku 12 zinapaswa kubaki 18. Zikibaki 23, kuna siku tano ambazo hakupewa. Zikibaki 10, uliza nyingine zilikwenda wapi. Mzee anayesinzia kutwa nzima bila sababu apelekwe kwa daktari, kwani yawezekana anapewa dawa za usingizi ili asisumbue.

Kila mgonjwa awe na daftari lake. Humo yaandikwe masaa ya dawa, alichokula na kunywa, saa alizogeuzwa, choo, mkojo na kipimo cha presha. Lisome kwa makini. Presha ya binadamu hupanda na kushuka. Ukikuta 120 kwa 80 kila asubuhi kwa majuma mawili, uwezekano mkubwa ni kwamba mashine haikutolewa hata kwenye sanduku.

Mwili hausemi uongo

Sasa tufike kwenye jambo la tatu, ambalo ndilo kubwa: mgonjwa mwenyewe. Angalau mara moja kwa juma, muogeshe wewe mwenyewe au uwepo anapoogeshwa. Usione haya. Kagua sehemu zinazobeba uzito wa mwili anapolala: juu ya matako kwenye mfupa wa mkia, nyonga, visigino, vifundo vya miguu, viwiko, mabega na kisogo.

Hapo ndipo vidonda vya kulala kitandani huanzia. Huletwa na mfupa kuigandamiza ngozi kwa muda mrefu hadi damu isipite. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, isipokuwa mtaalamu aseme vingine. Vitabu vingi husema utazame wekundu, lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kwa urahisi. Tafuta pahali palipogeuka rangi kuliko ngozi ya kando, penye joto au baridi isiyo ya kawaida, au palipokuwa pagumu au laini mno. Usipasugue wala usipakande. Hilo huongeza madhara. Mwondolee uzito pale na umwite muuguzi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na kidonda cha aina hii huweza kufika hadi kwenye mfupa.

Aidha, tazama kama nguo zimeanza kumpwaya, midomo imekauka au mkojo umekuwa wa rangi nzito. Hizo ni dalili kuwa huenda hali au hanywi vya kutosha. Kucha ndefu, kinywa kisichosafishwa na harufu ya mkojo kwenye godoro hukueleza yale ambayo mhudumu hatakueleza.

Muulize mwenye kulala

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Zungumza na mzazi wako mkiwa wawili tu. Usimuulize, "Anakutunza vizuri?" kwa kuwa wazee wengi watajibu "ndiyo" ili wasikuongezee mzigo. Muulize leo alikula nini, alioga saa ngapi, na akitaka kwenda msalani usiku hufanya nini. Asiyeweza kusema humjulia kwa mwili: je, hushtuka au kujikunyata mhudumu anaponyanyua mkono? Je, ana alama za kubanwa mikononi?

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba mtu mmoja kati ya kila sita wenye umri wa miaka 60 na zaidi hutendewa vibaya kwa namna fulani, katika mazingira ya kijamii, kwa kipindi cha mwaka mmoja. Si kipigo tu. Kumfokea mzee, kumbadilisha nepi mlango ukiwa wazi, au kumzungumzia kana kwamba hayupo ni kumdhulumu. Kifungu cha 57 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mzee haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na kupata utunzaji unaofaa kutoka kwa familia yake na Serikali. Msomaji, familia hapo ni wewe.

Mhudumu naye ni binadamu

Kabla ya kumlaumu mhudumu, jiulize analala saa ngapi. Mtu anayemgeuza mgonjwa usiku kucha, kisha mchana anapika, anafua na kuwalinda watoto wako, hawezi kuwa na mkono mwororo. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Uliza kampuni kama humpa mhudumu siku hiyo, na kiasi gani cha pesa unazolipa humfikia. Anayepunjwa hakai, na mzazi wako ndiye atakayezoezwa mikono mipya kila mwezi.

Mpe pia vifaa: glavu, sabuni, shuka za kutosha na nepi. Ukimnyima vitu hivyo, kasoro ni yako wala si yake.

Ukipata dosari

Dosari ndogo mwonyeshe mhudumu kwa upole, kisha utazame kama amejirekebisha. Ikirudiwa, iandikie kampuni, ueleze tarehe na ulichoona, na ubaki na nakala. Ukikuta jeraha au kidonda, lipige picha na umpeleke mgonjwa hospitali siku hiyo hiyo. Ikiwa kosa ni la muuguzi aliyesajiliwa, malalamiko yapelekwe kwa Baraza la Wauguzi. Kipigo na wizi ni mambo ya polisi.

Usisubiri mwisho wa mwezi unapolipa ndipo uanze kuuliza. Leo jioni ukifika nyumbani, kabla ya kuwasha runinga, hesabu tembe, fungua daftari, kisha umfunue mzazi wako blanketi miguuni na utazame visigino vyake.