Mchwa Ni Wa Ukoo wa Mende

Vikundi vingi tunavyovitembelea huweka mchwa na siafu kapu moja. Wote ni wadogo, wote wana malkia, wote hutembea kwa msafara. Basi nguzo za ghala zikianza kuliwa, watu humwagia dawa kila kinachotambaa. Hapo ndipo hasara huanza. Sungusungu, wale weusi wakubwa wanaopita kwa mstari, mara nyingi wanakwenda kuwavamia mchwa. Ukiwaua, umefukuza askari ukamwachia mwizi nyumba.

Wataalamu wa wadudu hawapangi ukoo kwa tabia peke yake. Wanaangalia mwili. Hebu wekeni mchwa na siafu kwa sahani. Siafu ana kiuno chembamba kama nyigu, na papasi zake zimekunjika kama kiwiko. Mchwa hana kiuno, na papasi zake zimenyooka kama uzi wa shanga. Kumbikumbi, ambao ni mchwa wenye mabawa, mabawa yao manne yanalingana urefu. Ya siafu, yale ya mbele ni marefu zaidi. Na watoto je? Wa siafu ni buu asiye na miguu, atageuka baadaye kama kipepeo. Wa mchwa hutoka kwa yai na miguu yake sita, tayari anafanana na wakubwa.

Kwa hiyo siafu amewekwa pamoja na nyuki na nyigu. Mchwa walipewa kundi lao peke yao kwa miaka mingi, ingawa kuna mende fulani katika misitu ya Marekani anayekula mti uliooza na kulea watoto wake kama familia. Mwaka 2007 wataalamu wa London walilinganisha chembe za urithi za mchwa na mende wa aina nyingi. Kumbe mchwa ni mende kabisa, tawi lililojitenga zaidi ya miaka milioni 100 iliyopita! (Sisi tunaokula kumbikumbi tunyamaze tu.) Kuishi na malkia, kila ukoo ulianza kivyake.

Kabla ya kununua dawa, shikeni mdudu mmoja mtazame kiuno. Akiwa nacho, si yeye anayekula nguzo. Siafu akiingia kwa kuku au kwa mizinga, hilo ni jambo lingine.