Aliyevuliwa Madaraka Asiingie kwa Mlango wa Pili

Wakaazi wa kisiwa cha Mombasa hawajasahau mambo ya mwaka 2022. Bwana Mike Mbuvi Sonko, ambaye Seneti ilimvua ugavana wa Nairobi tarehe 17 Desemba 2020, alishuka pwani kuomba kiti cha ugavana wa Mombasa, na chama cha Wiper kikampa tikiti. Tume ya Uchaguzi ilizikataa karatasi zake. Mahakama Kuu iliyokaa hapa hapa Mombasa ikaamuru zipokewe. Siku chache baadaye, tarehe 15 Julai, Mahakama ya Juu ikaitupa rufaa yake ya kupinga kuondolewa, na safari ikakomea hapo. Zilikuwa zimesalia siku 25 watu wapige kura.

Sheria yenyewe ni nzuri, na twaiunga mkono. Kifungu cha 75 cha Katiba ya 2010 chasema kwamba afisa wa dola aliyeondolewa kwa kuvunja masharti ya maadili hastahili tena kushika ofisi nyingine yoyote ya dola. Wapo wanaolalamika kwamba hiyo ni adhabu juu ya adhabu. Hatukubaliani nao. Cheo si mali ya mtu hata tuseme amenyang'anywa, ni amana. Aliyeondolewa Nairobi kwa kuvunja amana, akiruhusiwa kuikamata Mombasa, atakuwa amepewa uhamisho tu, na sisi wa kisiwani si jalala la bara.

Tazameni Marekani, ambako marufuku haiji yenyewe bali Seneti yapasa kuipigia kura ya pekee. Mwaka 1989 Seneti ilimfukuza jaji Alcee Hastings wa Florida katika shauri lililohusu rushwa, lakini kura hiyo ya pili haikupigwa. Mwaka 1992 akachaguliwa kuingia Bungeni, akakaa humo hadi kufa kwake mwaka 2021. Waliomwona hafai kuhukumu wenzake walimwacha atunge sheria za wenzake.

Hata hivyo, wanaoondoa magavana ni wanasiasa, na wanasiasa wana visasi vyao. Gavana Kawira Mwangaza wa Meru alifikishwa mbele ya Seneti mwaka 2022 na tena mwaka 2023, na mara zote mbili akanusurika. Mwezi wa Agosti 2024 ndipo Seneti ilipokubali aondoke. Kama kura ya madiwani ingetosha kumfungia mtu milango yote maisha, nani angesalimika? Ndiyo maana Katiba, katika Kifungu cha 193, yasema mtu hapotezi sifa ya kugombea mpaka njia zote za rufaa na mapitio zimalizike. Hiyo ni haki, wala asiiguse mtu.

Lililokosekana ni muda. Kesi ya kupinga ushindi wa Rais huamuliwa kwa siku 14. Kesi ya kupinga ushindi wa gavana hupewa miezi sita katika Mahakama Kuu. Lakini rufaa ya gavana aliyeondolewa haikuwekewa kikomo cha namna hiyo. Ya Bwana Sonko ilichukua miezi kumi na tisa tangu Seneti ipige kura. Wakili hodari aweza kuiburura mpaka siku ya kura ipite, kisha mteja wake awe tayari ameapishwa. (Wala vyama visijifiche nyuma ya mahakama: hakuna sheria inayokilazimisha chama kumpa tikiti mtu mwenye kesi kama hiyo.)

Twawaomba basi waheshimiwa wabunge na maseneta waweke miezi sita kwa Mahakama Kuu, na muda mfupi zaidi kwa kila ngazi ya rufaa, na wapitishe marekebisho hayo kabla majina ya wagombea hayajapelekwa kwa Tume kwa ajili ya uchaguzi wa Agosti 2027.