Asali ya Urambo, oveni ya maabara na dakika ya sita

Ukitaja Urambo, wengi wanawaza tumbaku. Wazee watakuongezea karanga, ule mradi wa Waingereza ulioanza 1947 na kufa 1951, na wapenda historia watakupa habari za Mtemi Mirambo na misafara ya kwenda Ujiji. Mimi leo nataka tuongee asali ya miombo, na kifaa kimoja cha maabara ambacho hakuna anayekipiga picha: oveni ya kolamu.

Asali iliyorinwa leo karibu haina kitu kinachoitwa haidroksimethilifurfurali. Jina refu, tukiite HMF. Hutokea pale fruktosi, moja ya sukari za asali, inapopoteza maji ndani ya tindikali, na asali yenyewe ina utindikali wake. Joto ndilo linalokimbiza kazi hiyo. Kwa makadirio yanayotumika sana, asali iliyo kwenye nyuzi 30 huchukua miezi kadhaa kufikisha miligramu 40 za HMF kwa kilo. Kwenye nyuzi 50 ni siku 5 hadi 9 hivi. Kwenye nyuzi 70 ni saa 5 hadi 14 tu! Sasa fikiria ndoo ya lita 20 iliyosahauliwa stoo, chini ya bati, mwezi wa Oktoba.

Kiwango cha Codex, yaani viwango vya chakula vya kimataifa, kinaruhusu miligramu 40 kwa kilo, na 80 kwa asali iliyotangazwa kutoka nchi za joto. Ikivuka hapo, mnunuzi wa nje hana haja ya kusikia ulivyorina kwa uangalifu. Mzigo unakataliwa. Kwa hiyo namba hiyo moja ina uzito kwa mfugaji nyuki, na ni haki yake ipatikane vizuri.

Namba hupatikana kwa kromatografia ya kimiminika. Mrusi Mikhail Tswett aliianza miaka ya 1900 akitenganisha rangi za majani kwenye bomba la chaki, na msingi haujabadilika: unapitisha mchanganyiko kwenye bomba lililoshindiliwa unga laini, kila kitu kinashikwa na ule unga kwa nguvu yake, na kila kimoja kinatoka kwa wakati wake. Kwa HMF tunasukuma maji yaliyochanganywa na methanoli kidogo, kisha kigunduzi kinaangalia mwanga usioonekana wa nanomita 285. HMF ikipita, kwenye kompyuta kinasimama kilele. Tuseme kinatoka dakika ya 6.

Lakini ile nguvu ya kushikwa inategemea joto. Kanuni ya mkono tunayofundishwa ni kwamba kila nyuzi moja inayoongezeka hupunguza muda wa kutoka kwa asilimia 1 hadi 2. Maabara isiyo na kiyoyozi ikianza asubuhi na nyuzi 21, ikafika 31 mchana, kilele cha dakika ya 6 kinaweza kuwahi kwa sekunde 36 hadi zaidi ya dakika nzima. Kompyuta imeambiwa ikitafute dakika ya 6. Isipokikuta hapo inaandika "haipo", na asali mbovu inapita. Au kinasogea kikamkalia jirani yake, viwili vinahesabiwa kimoja, na asali nzuri inafelishwa. Presha nayo hucheza, maana maji ya nyuzi 30 yana mnato pungufu kwa karibu moja ya tano kuliko ya nyuzi 20.

Ndiyo maana kolamu inafungiwa ndani ya oveni. Kuna kipasha joto, kuna kihisi, na kuna kidhibiti kinacholinganisha joto lililopo na ulilotaka, kisha kinaongeza au kupunguza umeme kidogo kidogo. Hakuna uchawi.

Mtego uko hapa, na kwa maoni yangu ndio unaofundishwa vibaya kuliko yote. Oveni nyingi za kawaida zinajua kupasha tu, hazijui kupoza. Njia nyingi za upimaji zimeandikwa kwa nyuzi 25, na huko zilikoandikwa chumba kina nyuzi 20. Ukiweka 25 kwenye chumba chenye 31, oveni haina la kufanya: inazima kipasha joto na kolamu inafuata hali ya hewa kama kawaida. Weka 35 au 40, thibitisha njia yako upya kwa joto hilo, na utalala usingizi. Oveni zenye sehemu ya kupoza zipo, ila bei yake ni habari nyingine.

Pia usiamini kioo haraka. Kikisoma 40, hiyo ni hewa au bati la oveni. Chuma cha kolamu na unga wa ndani bado vinapanda. Nusu saa hadi saa moja ni subira ya kawaida, na umeme ukikatika, saa inaanza upya. Kimiminika nacho kipite kwanza kwenye kijibomba kirefu ndani ya oveni, kisije kikaingia cha baridi kwenye kolamu ya moto.

Kuna joto la pili ambalo watu hawalisemi: la kuandaa sampuli. Asali ikiganda, kishawishi ni kuiweka kwenye maji ya moto iyeyuke fasta. Kwa kipimo cha HMF usiipashe kabisa. Koroga, pima, yeyusha kwenye maji ya kawaida. Vinginevyo maabara itakuwa inatengeneza yenyewe kile inachokwenda kumshtakia mfugaji nyuki.

Wenzetu wa kromatografia ya gesi wao wanapandisha joto kwa makusudi, hatua kwa hatua, ili vitu vyepesi vitoke kwanza na vizito vifuate. Mkulima wa tumbaku wa Urambo hahitaji kuelezwa sana hilo. Bani lake la kukaushia huanza na nyuzi thelathini na kitu jani liwe njano, kisha hupandishwa taratibu hadi zaidi ya 70 kikauke kikonyo, na akiharakisha hatua ya kwanza jani linakauka likiwa bado la kijani.