Jina la Mtunzi na Gharama ya Filamu

Penina Muhando alizaliwa Berega, mkoani Morogoro, mwaka 1948. Kabla hajatimiza miaka thelathini alikwisha kuandika Hatia, Tambueni Haki Zetu na Pambo. Sifa ya namna hiyo anayo pia Ebrahim Hussein kwa Kinjeketile ya mwaka 1969, na Farouk Topan, mwana wa Zanzibar, kwa Aliyeonja Pepo. Majina hayo yalijengwa kwa kalamu, karatasi na kumbi za shule. Mtunzi wa tamthilia akitaka mlima, usiku na mvua, mchezaji husimama juu ya meza, mwenziwe hupiga debe nyuma ya pazia, nao watazamaji husadiki.

Mpiga filamu hana nafasi hiyo. Akiuandika mlima hana budi kuupanda. Na tuutazame Uluguru, ambao kilele chake cha Kimhandu chapita mita 2,600. Mawingu huvishukia vilele pasipo taarifa. Onyesho lililoanza kwenye jua la asubuhi haliwezi kumaliziwa katika ukungu wa saa saba, kwani picha hizo mbili hazitaungana. Upande wa mashariki, penye Kinole, mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Pasipofika gari, mitambo huenda kichwani. Jenereta likinguruma karibu, sauti ya mwigizaji hupotea. Likiwekwa mbali, waya hautoshi. Tena wanakijiji walioacha mashamba yao ili waonekane katika picha wanastahili chakula na ujira, jambo ambalo wengi hulisahau wanapopiga hesabu.

Zamani palikuwa pia na gharama ya kuisafisha filamu yenyewe katika maabara. Kamera za kidijiti zimeiondoa hiyo, mlima haukuondoka.

Si kwamba jukwaa na filamu ni mahasimu. Bibi Amandina Lihamba alikitungia tamthilia, Hawala ya Fedha ya mwaka 1980, kisa cha Sembène Ousmane wa Senegal, ambaye mwenyewe alikwisha kukifanya filamu mwaka 1968. Baadaye Bibi huyo aliigiza katika Maangamizi, filamu iliyopelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar mwaka 2001. Kipaji, basi, kipo. Kinachokosekana ni nauli.

Sheria ya mwaka 1976 iliziweka filamu na michezo ya kuigiza mahali pamoja. Vyema, lakini wakuu wanaohusika wakumbuke kwamba vitu hivyo havina haraka moja. Kundi la jukwaani likicheleweshewa kibali litaendelea na mazoezi. Mpiga filamu aombaye kibali mwezi wa Januari, akajibiwa mwezi wa Machi, amepewa kibali cha kupiga picha za masika. Ndugu zetu wa Visiwani, walio na tamasha lao la filamu tangu mwaka 1998, wana haki ya kuuona Uluguru katika tamasha hilo. Twaomba maombi ya kupiga picha milimani yajibiwe kwa siku zilizotajwa, na ada ya kundi dogo la wenyeji isilinganishwe na ya kampuni kubwa ya kigeni.