Kutoka Chake hadi Ngezi: udongo una majina yake

Mgeni akifika Pemba, neno la kwanza huulizia mikarafuu. Mimi kazi yangu ni udongo, kwa hiyo humwomba atazame chini kwanza. Safari ya siku moja, kutoka Chake Chake kupitia Ole na Konde hadi msitu wa Ngezi, inatosha kumwonyesha kwa nini mkarafuu umeukubali mlima huu na kulikataa bonde lililo hatua mia tu kutoka hapo.

Pemba ina urefu wa kilomita 67 hivi, na mkondo unaoitenga na bara una kina kinachofika mita 800 hivi. Kisiwa kilijitenga zamani sana, wakati Unguja ilikuwa bado imeshikana na bara. Vilima vyake ni mashapo ya mchanga na tope ya enzi za mbali, na mvua, ambayo Pemba huipata kwa wingi kuliko Unguja, imevichonga ikaacha mgongo, bonde, mgongo, bonde. Dereva wetu alibadilisha gia njia nzima huku akinung'unika.

Mgongoni ndiko kwenye kinongo, udongo mwekundu wenye kina, unaoshika unyevu bila kutuamisha maji. Mkarafuu unataka hivyo hasa. Mizizi yake hushuka mbali, na ikikaa ndani ya maji huoza. Karafuu ilifika Unguja mapema karne ya 19, ikitokea asili yake visiwa vya Maluku kwa kupitia visiwa vya Bahari ya Hindi. Mwaka 1872 tufani iliipiga Unguja na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu yake, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa na tangu hapo ikaongoza. Vitabu huishia kwenye tufani. Kwa maoni yangu tufani ilifungua mlango tu, na kinongo ndicho kilichoifanya karafuu ikae.

Karibu na Ole tulimkuta mzee ameanika karafuu kwenye jamvi, huku wajukuu wakichambua makonyo. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akauliza kama nimekuja kukagua mizani. Nilipomwambia shughuli yangu ni udongo alicheka, akaniongoza hadi ukingoni mwa shamba lake na kuonyesha chini.

"Pale kinamo, mwanangu. Mkarafuu ukiupanda pale, mwaka wa tatu unauaga."

Kipimo cha kuyathibitisha maneno ya mzee huyo hakihitaji maabara. Chota udongo kiasi cha kiganja, uloweshe kidogo, uufinyange. Kichanga hakishikani hata ukibembeleze. Kinongo hufanya tonge zuri, lakini ukilibonyeza kwa kidole gumba linapasuka pembeni. Kinamo ukikivingirisha kati ya viganja hunyooka kama tambi, na kukiondoa vidoleni ni kazi nyingine. Nilifanya vipimo vyote vitatu mbele ya wajukuu. Walikuwa wanavijua zamani, kwa kuwa huchezea udongo huo huo.

Kinamo cha mabondeni si udongo mbaya. Chembe zake ni ndogo mno, hubanana na kuyazuia maji yasipenye kwenda chini, na mpunga unataka kusimama majini. Ndiyo sababu kila bonde tulilovuka lilikuwa la mpunga, na wengi wa waliokuwa shambani walikuwa akina mama. Kiangazi udongo huo huo husinyaa na kupasuka nyufa za kumeza kandambili. Baada ya Mapinduzi ya 1964 watu walipogawiwa eka tatu tatu, kuna walioangukia mgongoni na kuna walioangukia ukingoni mwa bonde. Eka zao zililingana kwenye karatasi tu.

Upande wa mashariki, kuelekea Micheweni, mikarafuu hukatika. Hapo ni uwanda na maweni: mwamba wa matumbawe ya kale uliofunikwa na udongo mwembamba. Mkulima hutafuta mfuko wa udongo kati ya jiwe na jiwe akachomeka muhogo au mtama, kisha hutazama baharini kwa riziki iliyobaki, samaki na mwani.

Jioni tuliingia Ngezi. Wengi huja kumwona popo wa Pemba, na wana haki, kwani haishi mahali pengine popote duniani. Lakini katikati ya msitu miti mikubwa huisha ghafla na kuachia vichaka vifupi. Ukichimba hapo unakuta mchanga uliooshwa na mvua mpaka rutuba imeisha, na hakuna mkulima wa karafuu ambaye angeuhangaikia.

Wataalamu wa zama za mkoloni waliopima ardhi ya Zanzibar waliyachukua majina haya ya wakulima wakayaandika kwenye taarifa zao. Sisi wa leo tunakuja na ramani za setilaiti, na mara nyingi hatuulizi. Wakati huo huo nyumba zinapanda migongoni, kwa kuwa kwenye kinongo ni pakavu na maji hupita, na msingi wake hausumbui. Hivyo udongo bora wa karafuu unaishia chini ya saruji. Ukirithi shamba Pemba na ukataka kujenga, kabla hujamwita fundi mwulize mzee jirani: hapa panaitwaje, kinongo au kinamo?